Ngiri Aliyekula Michembe ya Pimbi

Paukwa!
– Pakawa!
Kauka!
– Kakauka!
Kimekauka nini?
– Kiazi!
Kiko wapi?
– Tumboni kwa mtu!
Haya, tulieni basi niwaambie ni tumboni kwa nani, na kilimfanya nini.

Hapo kale, juu ya mlima wenye mawe makubwa makubwa, alikuwako Pimbi. Pimbi mnamjua? Mnyama mdogo, mnene mnene, hana mkia, hana pembe, hana hata kucha za maana. Alikuwa mjane. Mumewe alinyakuliwa na tai mchana kweupe akiwa anaota jua. Pimbi akabaki na watoto watatu, Jiwe, Kokoto na Mchanga, na bustani ndogo iliyokuwa chini ya mwamba wao.

Mlima ule, ukifika mwezi wa sita, hauna mchezo. Baridi inashuka, umande unaganda unakuwa mweupe kama chumvi, majani yanaungua kama yamepitiwa na moto. Asiyejiwekea chakula mapema, wanawe watalala wakinyonya vidole. Pimbi alilijua hilo, maana mwaka uliotangulia alilala akiwasikia wakinyonya. Kwa hiyo walipomaliza kuvuna tu, akaanza.

Alimenya viazi vitamu, akavikata: kacha, kacha, kacha! Akavianika mwambani. Akachuma majani ya kunde, akayachemsha kidogo, akayaanika. Akapukuchua maharage, akayaanika. Jua likiwaka, anageuza. Wingu likipita, anakimbia kuanua. Watoto wakisema, “Mama, tuonje,” anawajibu, “Hicho ni cha kipupwe, wanangu. Subirini.”

Siku ya kumi na mbili vyote vilikuwa vikavu. Ukigonga kipande cha kiazi kinalia ko! Vipande hivyo ndivyo vinavyoitwa michembe. Pimbi akajaza makapu matatu: la michembe, la kunde na la maharage.

Kazi moja tu ilimshinda, nayo ni bustani. Ilitakiwa ilimwe kwa kina, itiwe mbolea, ifunikwe nyasi, kabla baridi haijaifanya ardhi kuwa ngumu kama kigae. Lakini vidole vya Pimbi ni laini kama vya mtoto mchanga. Alikwangua asubuhi hadi jioni, na alipoinua kichwa aliona amelima mahali pa kutosha ungo mmoja. Akakaa chini, akaviangalia vidole vyake.

Kesho yake alikuwa anajiandaa kuyaingiza makapu ndani ya ufa wa mwamba, wanakoishi, mara ardhi ikalia: kudu, kudu, kudu! Alikuwa Ngiri.

Ngiri naye alikuwa na viazi msimu ule, rundo refu kuliko yeye mwenyewe. Alikula akalala, akala akalala, vilivyobaki vikaoza. Sasa alikuwa anatembea mlimani na tumbo tupu na meno yake marefu.

“Hodi!” alisema Ngiri, na huku ameshaingia.

“Karibu, mjomba. Shikamoo.”

“Marahaba. Nasikia harufu ya chakula.”

“Ni cha watoto, mjomba. Cha kipupwe.”

“Watoto wangapi?”

“Watatu.”

“Na makapu?”

“Matatu.”

“Basi umekosea hesabu. Mimi sikuhesabiwa.” Ngiri akaingiza pua kwenye kapu la kwanza, akaingiza pua kwenye kapu la pili, akaingiza pua kwenye kapu la tatu. “Nitakula hili. Kisha nitakula lile. Kisha nitakula lile la kule. Ukileta ubishi nitakula na makapu yenyewe.”

Watoto walikuwa wamejibana ndani ya ufa. Mchanga, yule wa mwisho, akaanza kulia. Pimbi akajisogeza mbele ya ufa. Siku kumi na mbili za jua, zote ziingie kwenye mdomo mmoja! Apigane? Jino moja la Ngiri lilikuwa refu kuliko Mchanga. Akimbie? Akimbie abebe nini? Akayatazama makapu yake kama mtu anayeaga, na macho yakasimama kwenye lile la michembe.

Akakumbuka chungu chake. Kila akipika michembe hutia konzi moja tu, akamimina maji, akafunika. Akirudi, hukuta mfuniko umeinuka wenyewe.

“Mjomba,” alisema, na sauti ilitetemeka kwelikweli, hakuwa anaigiza, “kama ni lazima, basi anza na hili. Ndilo tamu.”

Ngiri akaanza. Karakacha, karakacha, karakacha! Robo ya kapu ikaenda.

“Mbona haishibishi?”

“Ni myepesi, mjomba.”

Karakacha, karakacha, karakacha! Nusu ya kapu ikaenda.

“Mbona bado haishibishi?”

“Ni mikavu, mjomba.”

Karakacha, karakacha, karakacha! Kapu likabaki tupu. Pimbi moyo ulimuuma, kwa sababu kapu lile lilikuwa chakula cha wanawe cha mwezi mzima.

“Lete la pili,” alisema Ngiri, kisha akakohoa. “Lakini kwanza nionyeshe maji. Koo limenikauka.”

“Maji yapo pale, kwenye shimo la mwamba. Ila nakuomba, mjomba, usinywe mengi. Maji hayo –”

“Umeanza! Chakula unataka kuninyima, na maji unataka kuninyima!”

Gubu, gubu, gubu! Ngiri akanywa. Gubu, gubu, gubu! Akanywa mpaka shimo likabaki tope. Akajifuta mdomo, akarudi kwa kapu la pili. Akapiga hatua moja. Akapiga ya pili. Akasimama.

“Mpwa wangu.”

“Naam, mjomba.”

“Kuna kitu kinatembea tumboni.”

“Kinakwenda wapi?”

“Kinakwenda kila mahali.”

Tumbo likaanza kuvimba. Likavimba, likavimba, likawa ngoma. Ngiri akaanguka ubavu, puu! Miguu yake minne ikabaki inaelea hewani.

“Nakufa mie! Nakufa nimeshiba!”

Pimbi hakupoteza muda. Aliliburuta kapu la kunde mpaka ndani, akarudi akaliburuta la maharage. Watoto wakamrukia kwa furaha. Pimbi akakaa, akahema, akajiambia yamekwisha.

Lakini kule nje Ngiri alikuwa anaguna, “Mmmh... mmmh...” Halafu akaanza kumwita mama yake, yeye na ukubwa wake wote ule. Pimbi akajaribu kutosikia. Akashindwa.

“Mwache, mama,” alisema Jiwe. “Amekula chakula chetu cha kipupwe.”

“Nimwache? Na akifia hapo mlangoni, sisi tutatokea wapi?” Hivyo ndivyo alivyomjibu mwanawe, lakini kilichomtoa nje ilikuwa huruma. Alipofika nje akamtazama Ngiri, akaitazama bustani. Akamtazama tena Ngiri.

“Pole, mjomba. Dawa ipo. Chakula kikavu hushuka kwa kutikiswa. Inuka uchimbe.”

“Nichimbe wapi, na nakufa?”

“Pale kwenye udongo, usije ukajiumiza kwenye mawe. Anzia kona hii, ishia kona ile.”

Ngiri akajiinua kwa taabu, akapiga magoti kama walivyozoea kina Ngiri, akatia meno ardhini. Fuku, fuku, fuku!

“Limepungua, mjomba?”

“Kidogo.”

“Basi zamisha meno zaidi.”

Fuku, fuku, fuku! Udongo ukageuka, mizizi ya zamani ikatoka, mawe yakarushwa kando. Jua lilipoinama, tumbo likafunguka. Prrrrr!

“Pole, mjomba! Hiyo ndiyo dawa inafanya kazi. Usisimame mahali pamoja, songa mbele.”

Prrrrr! Akasonga. Prrrrr! Akasonga tena. Ikawa hakuna mstari wa bustani uliokosa fungu lake. Ndani ya ufa watoto walikuwa wameziba pua, wanacheka mpaka machozi.

Ngiri alipofika kona ya mwisho alikuwa amechoka, anatetemeka kwa baridi. Pimbi na wanawe wakakata nyasi, wakamtandikia. “Lala hapa, mjomba.” Akalala. “Hapo unapigwa na upepo, sogea huku.” Wakatandika nyasi nyingine, akasogea. “Na hapo pana unyevu, sogea huku.” Wakatandika, akasogea. Mpaka usingizi ulipomchukua, bustani nzima ilikuwa imefunikwa.

Asubuhi Ngiri aliamka tumbo limenywea, uso umemshuka kwa aibu.

“Mpwa wangu,” alisema, “nilikuja kukupora, wewe ukaniuguza. Angekuwa mwingine angeniacha nife.”

Pimbi aliutazama udongo ule uliolimwa kwa kina, ukatiwa mbolea, ukatandazwa nyasi. Akashindwa kumwangalia Ngiri usoni. Ukweli ulimfika mpaka kwenye ulimi, akaumeza.

“Ni wajibu, mjomba,” akasema.

“Na yale makapu mawili...” alisema Ngiri.

Pimbi manyoya yakamsimama.

“... yafiche ndani kabisa. Wasije wengine wakala, wakaumia. Si kila mtu ana tumbo la kuvumilia kama langu.”

Akaondoka polepole, kudu, kudu. Njiani alimwonya Nyani, akamwonya Nungunungu, akamwonya kila aliyekutana naye: kwa Pimbi msile kitu, ni sumu tupu. Kipupwe chote hakuna aliyepiga hodi pale mwambani. Watoto walililia michembe, naam, na siku nyingine mama yao alijifanya ameshiba ili wao waongezwe maharage. Lakini hakuna aliyelala akinyonya kidole. Na mvua iliponyesha, bustani ile ilitoa viazi vikubwa kama kichwa cha mtu.

Hadithi yangu nimeikunja, nimeitia kapuni. Mmeisikia?
– Tumeisikia!
Funzo lake ni nini? Tusiwe walafi?
– Ndiyo!
Hapana! Ngiri asingekuwa mlafi, bustani ya mjane ingelimwa na nani? Kwa hiyo kuleni sana, wanangu. Kuleni vyenu, kuleni na vya wenzenu, mteremshie na maji ya kutosha. Na atakayemaliza mboga ya mwenziwe leo, kesho asubuhi anikute nyuma ya nyumba. Mimi bado sijalima.