Mkamwana Katika Bonde la Kimya

Heshima huinama penye hewa. Bibi Tumwitike alimwambia hivyo binti mmoja aliyetaka kupiga magoti kwenye mvua ili amsalimie, na vijana waliokuwa barazani wakauliza maneno hayo yametoka wapi. Mumewe, Mzee Asajile, alikuwa amezikwa wiki iliyotangulia. Bibi akasogeza kigoda chake, akawaambia kwamba aliyeyatamka kwanza ni marehemu, na chanzo chake ni hiki.

Chini ya mlima Kiejo, huko Rungwe, palikuwa na bonde dogo ambalo ardhi yake ilipumua. Nyasi zake zilikuwa za kijani na maua yalichanua, lakini panzi na ndege walilala humo wasiamke. Wazee waliliita Bonde la Kimya, wakasema lina mwenyewe.

Watafiti walipokuja kuichunguza hewa ya bonde hilo, walimchukua Asajile awaongoze, kwa kuwa hapakuwa na njia ya mlimani asiyoijua. Wakamvalisha kifuani kipima hewa, kidude cha manjano kisichozidi simu, ambacho hupiga kelele kikikuta hewa mbaya. Kifuani kilinyamaza. Kiliposhushwa magotini kikalia kama kifaranga kilichonyakuliwa na mwewe. Kisha wakawasha mshumaa, wakauteremsha taratibu kwa waya. Ulipofika usawa wa goti ukazimika kana kwamba umechovywa majini. Asajile akaelewa papo hapo. Hewa ile ni nzito, hutuama bondeni kama maji. Aliyesimama hupita, anayeinama huzama.

Watafiti wakamwachia kile kidude ili awe anapima kila asubuhi. Aliifanya kazi hiyo kwa kujiamini, na kila aliyekutana naye alimweleza habari ya mshumaa: wachunga mbuzi, wakata kuni, hata wageni wa kanisani. Mtu mmoja tu hakuweza kumweleza, naye aliishi uani kwake. Huyo ni Tupokigwe, mke wa mwanawe, aliyeolewa mwezi haujaisha. Kwa mila yao mkamwana na baba mkwe hawasemezani, hawatajani majina, wala hawagusani. Wakikutana njiani, mkamwana hutoka kando, huchutama na kujifunika kanga mpaka mzee apite, na mzee naye hugeuza uso. Asajile alidhani mwanawe amekwisha kumwonya mkewe. Mwanawe alidhani mama amemwambia.

Asubuhi moja isiyo na upepo, Asajile alikuwa akipita ukingoni mwa bonde na kaka yake Angolile, mtu wa mila kweli kweli. Mbele yao akatokea Tupokigwe na mkungu wa ndizi kichwani. Alipowaona akautua mzigo, akateremka kando ya njia, akajifunika.

"Kaka, ameingia bondeni," Asajile alisema.

"Ndiko anakotakiwa. Huyo kalelewa. Geuza uso twende."

"Lakini amechutama!"

"Ulitaka acheze ngoma?"

Asajile hakugeuza uso. Akapaza sauti: "Wewe mwenye kanga, simama utoke humo!"

Tupokigwe, kusikia sauti ya mkwewe ikimsemesha, akaona haya kubwa akazidi kujikunja mpaka paji la uso likagusa nyasi. Mara ile kanga ikaegemea upande, polepole, kama gunia lililowekwa vibaya.

Angolile akamdaka ndugu yake mkono. "Ukimgusa utatuletea laana ukooni. Kamwite mkeo amtoe."

"Mke wangu yuko mtoni. Mpaka afike, atafikia msibani."

Akauchomoa mkono wake. Akavuta pumzi mpaka mbavu zikauma, akaifungia ndani, akateremka wima bila kukimbia. Alipoinama, kidude kikapiga kelele kifuani. Akampitishia mikono kwapani, akamwinua mpaka kichwa chake kikawa juu ya kiuno, akapanda naye kinyumenyume. Masikio yalivuma, macho yakaona giza, lakini hakufungua kinywa mpaka visigino vilipokanyaga njia. Hapo wakaanguka wote wawili.

Baada ya muda Tupokigwe akakohoa. Akafumbua macho, akamwona aliyemshika ni nani. Kwanza mkono wake ukaitafuta kanga. Akajivuta kuelekea bondeni, magoti yakianza kukunjika.

Asajile akamzuia mabegani. "Simama, mwanangu. Humo hamna hewa ya kuvuta. Heshima huinama penye hewa."

Tupokigwe akasimama, uso wazi, mbele ya baba mkwe wake. Angolile, aliyekuwa amewapa mgongo tangu ndugu yake alipoteremka, akageuka akawatazama.

Jioni wazee wa ukoo wakakaa kumhoji Asajile kwa nini alimsemesha mkamwana na kumshika. Kabla hajajibu, Angolile aliinuka akasema yeye ndiye shahidi, na kwamba kama si mkono ule, kesho wangekuwa wanachimba kaburi la msichana mwenye adabu kuliko wote kijijini. Akawaambia mila haikuvunjwa, kwa maana maiti hamheshimu mtu. Kisha akaketi, na hukumu ya wazee ikawa yale maneno manne ya mdogo wake: heshima huinama penye hewa.