Mwalimu Korongo na Maswali ya Asali

Paukwa!
— Pakawa!
Waliokula wasogee motoni!
— Tumesogea!
Wasiokula wasogee zaidi!
— Tumefika!

Hapo zamani za kale, wanyama wa bonde moja walijenga shule. Mwalimu alikuwa mmoja tu, Korongo, naye alitoka mbali. Nyegere akasema, "Mwalimu atakaa kwangu." Nani angembishia? Mizinga yote ya nyuki ilikuwa yake, na nyumba yake ilikuwa na vyumba vya kupotelea.

Sasa basi, kila mwaka mtoto mmoja alichaguliwa kwenda shule kubwa ya mlimani. Maswali yalikuwa matatu, kwa siku tatu, na la tatu ndilo lililoamua. Aliyejibu alikaa kivulini. Aliyeshindwa alikwenda nyuma, juani, ambako sauti ya mwalimu haikufika vizuri.

Chiku, binti wa Digidigi, aliitaka shule ile mpaka akawa anaiota. Mama yake hakuwa na mzinga wala nyumba. Walikaa kichakani.

Siku ya kwanza Korongo akauliza, "Asali ya nyuki wakubwa na ya nyuki wadogo, ipi ina uchachu?"

"Ya nyuki wadogo," akajibu Mwinyi, mtoto wa Nyegere, huku anajilamba.

"Chiku?"

"Sijui, mwalimu."

"Nenda juani."

Siku ya pili akauliza, "Nta hutengwaje na asali?"

"Huchujwa kwa kitambaa," akasema Mwinyi.

"Chiku?"

"Sijui, mwalimu."

"Nenda juani."

Chiku hakuwa mtoto wa kulia. Alikuwa mtoto wa kujiuliza. Kule juani akajiuliza: mbona maswali yote yananukia nyumba moja?

Akamwambia mama yake, "Mama, leo mwalimu alale kwetu."

"Tutampa nini, mwanangu?"

"Tulicho nacho."

Akamwendea mwalimu. "Shikamoo, mwalimu. Mama anakukaribisha."

"Marahaba, mwanangu. Nitakuja."

Korongo akaja, akakunja miguu yake mirefu kichakani, akalala. Asubuhi koo lilikuwa limemkauka. "Maji yako wapi?"

"Hatuna, mwalimu. Sisi tunalamba umande, kabla jua halijapanda."

Korongo akalamba jani la kwanza, la pili, la tatu. Kiu ikapungua, akashangaa sana.

Siku ya tatu akauliza, "Kiu ikikubana na kisima kiko mbali, utakunywa nini?"

"Nitamtuma mtumishi," akasema Mwinyi. Darasa zima likacheka.

"Chiku?"

"Umande, mwalimu, kabla jua halijapanda."

"Vizuri. Njoo kivulini, mlimani utakwenda wewe. Mwinyi, nenda juani."

Mwinyi akapita kichwa chini, machozi yanamlengalenga. Chiku hakusogea.

"Mwalimu, naomba kuuliza. Jana nilikuwa mjinga?"

"Hukujua jibu."

"Na leo nina akili?"

"Unazo, tena nyingi."

"Nimezipata wapi kwa usiku mmoja? Mimi nimelala palepale. Aliyehama ni wewe."

Korongo akainamisha shingo. Aliona haya. Akatazama kule juani: mtoto wa Fuko, mtoto wa Kanga, mtoto wa Kobe. Kwao hajawahi hata kupiga hodi.

"Rudini wote kivulini," akasema. "Mwaka huu haendi mtu mlimani mpaka nimelala kwa kila mmoja wenu."

Nyegere alikasirika, akamtupia mwalimu mkeka wake nje. Chiku naye alilia siku ile, maana nafasi alikuwa ameshaishika.

Mwaka uliofuata alikwenda. Maswali yalitoka kila nyumba, na moja lilikuwa la asali. Alilijibu, kwa sababu Mwinyi alikuwa amemwonjesha.

Ndiyo maana mpaka leo korongo ana miguu myembamba, na hutembea polepole, anainua mguu, anasimama, anachungulia. Bado anazunguka nyumba za watu.

Basi ukisikia mtoto anaitwa mjinga, uliza kwanza mwalimu wake amelala wapi.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye swali aseme kwao ni wapi, kesho nitalala huko. Na asali nakula.