Futi ya Mkubwa Haina Sifuri

Futi ya mkubwa haina sifuri. Ndivyo alivyosema Mama Safari jana kwenye mizani ya vitunguu swaumu, pale mnunuzi aliyetumwa na wakubwa aliposoma kilo hamsini kwenye gunia ambalo hata punda alilikataa. Watu walicheka, nanyi wajukuu zangu mkacheka, halafu njiani mkaniuliza, "Babu, neno hilo limetoka wapi?" Limetoka hapa hapa kwetu. Limetoka mdomoni mwa bibi yenu, Mungu amlaze pema. Methali hii ilianza hivi.

Ninyi bibi yenu mlimjua na fimbo yake, akipumzika mara mbili kabla ya kufika kanisani. Mimi nilimjua akiitwa Paskalina Tluway, darasa la saba, miguu peku, akiwaacha wavulana nyuma katika mbio za mita mia kama waliosimama kuongea. Na kuruka ndiyo usiseme. Walimu walimgundua siku ndama wa nyumbani kwao alipoingia shamba la shule. Paskalina alimfukuza, akaruka mfereji ambao sisi wanaume tulikuwa tunauzunguka.

Mimi shule iliniishia darasa la nne. Nilipata kibarua cha uwanja wa wilaya: kuchimba shimo la kurukia, kuleta mchanga wa mtoni, kuusawazisha kwa reki, na kushika ncha ya futi pale kwenye ubao wa kurukia. Upande wa pili, mchangani, anasoma afisa michezo, Ndugu Lukindo.

Sasa futi yenyewe. Ilikuwa ile ndefu, inayozungushwa ndani ya kasha. Mwaka ule watu walikuwa wanahamishiwa vijiji vipya, na wakubwa waliichukua kupimia viwanja. Waliiburuta kwenye mawe na miiba mpaka ikakatika, mita ya kwanza yote ikapotelea huko, nao wakaendelea kupimia hivyo hivyo. Siku ya mashindano nilipokabidhiwa, ncha yake ilianza na namba moja.

"Ndugu Afisa," nikamwambia, "hii inaanza na moja."

"Kumbe na wewe namba unazijua?"

"Moja naijua."

Wenzake wakaangua kicheko. "Basi ishike hiyo moja yako, uiweke ubaoni. Kutoa ni kazi ya ofisi."

Nikaishika.

Paskalina akaja mbio, akapaa, akatua. Ndugu Lukindo akainama, akasoma kwa sauti ya mnada: "Sita na sentimita arobaini na mbili!" Uwanja mzima ukasimama. Ukitoa ile mita iliyopotea, aliruka tano na arobaini na mbili. Na hiyo ilitosha! Mwalimu wake aliniambia baadaye kwamba kambi ya taifa ilitaka tano na ishirini tu, na atakayeingia kambini atasomeshwa sekondari bure. Mtoto alikuwa amefika kwa miguu yake mwenyewe. Lakini ofisi haikutoa kitu. Ile sita ilipeleka jina la Ndugu Lukindo mkoani, ikamletea pikipiki, ikatangazwa redioni. Nani angeitoa?

Paskalina akaitwa Dar es Salaam kujaribiwa. Mama yake alimpaka samli miguuni, akampandisha basi.

Kule futi ilikuwa mpya. Aliruka tano na thelathini na nane. Akarudia, tano na arobaini na saba. Mara ya tatu, tano na hamsini na moja, na hakuna msichana mwingine aliyemfikia siku ile. Wakubwa wakakunja uso.

"Binti, acha masihara. Ruka."

"Nimeruka."

"Tunataka ile sita."

"Mimi sijui sita. Najua kuruka."

Wakamwita Ndugu Lukindo, ambaye alisafiri naye akiwa ndani ya suti mpya. Wakamuuliza nani ameandika uongo. Akajibu bila kupepesa: "Wa vijijini hawa. Mshika futi hakusoma, na binti alijua, akanyamaza." Hapo hapo Paskalina akafungiwa miaka miwili. Hata mbio za mita mia, zilizokuwa kesho yake, hakuruhusiwa. Alikaa jukwaani akamtazama mshindi, msichana ambaye yeye alimwacha nyuma kwenye mazoezi.

Aliporudi nilimfuata kwao. Alikuwa anapukuchua mahindi.

"Paskalina, futi ilikatika. Nilimwambia yule bwana, akanicheka."

"Ulimwambia mara ngapi?"

"Mara moja."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa unakaza mkanda wa kaptula."

"Hatua ngapi kutoka ulipokuwa?"

"Kama ishirini."

Akaendelea kupukuchua. Kisha akasimama, akakung'uta gauni. "Twende."

Tulikwenda ofisi ya wilaya. Kwenye benchi nje walikaa wazee waliohamishwa, wamekuja kulalamika kwamba viwanja vyao vimepungua. Paskalina aliingia bila kubisha hodi. Futi ilikuwa mezani. Akaishika ncha, akaivuta mbele ya uso wa Ndugu Lukindo.

"Shikamoo, Ndugu Afisa. Nionyeshe sifuri."

"Weka chini, hiyo ni mali ya serikali."

"Nionyeshe sifuri tu, niende zangu. Halafu uandike barua kwamba sikudanganya."

"Binti, wewe kazi yako ni kuruka. Sifuri inakuhusu nini? Toka."

Hakulia. Alitoka mpaka kwenye benchi, akawaambia wale wazee, "Nendeni nyumbani. Mtapimiwa mpaka mfe. Futi ya mkubwa haina sifuri."

Mzee mmoja akauliza, "Ndiyo hiyo hiyo waliyotupimia?"

"Ndiyo hiyo hiyo."

Wazee wakatazamana. Kila mmoja alikuwa amekatwa mita yake, na sasa akajua imekwenda wapi. Neno likatoka na wao pale benchini, likaingia vilabuni, sokoni, kanisani. Barua haikuandikwa. Ndugu Lukindo alipandishwa cheo, akahamia mkoani. Miaka miwili ilipokwisha, kambi ilisema Paskalina umri umempita. Nikamwoa, au tuseme alikubali.

Nawalaumu wakubwa, na nitawalaumu mpaka nizikwe. Mkubwa akishaamua pa kuanzia kupima, wewe ruka utakavyo, jibu analo yeye. Lakini miaka arobaini na mmoja niliyokaa na bibi yenu, kila alipolisema neno hili, alikuwa kwanza akiitazama mikono yangu, ndipo anamalizia: futi ya mkubwa haina sifuri.