Sahani Isiyorudi Tupu

Alikuwako sultani katika mji wa Tamarani, jina lake Sultani Fakhrudini bin Azizi, na raia zake walikuwa na ada moja waliyoienzi kuliko mikufu ya dhahabu: jirani akikuletea chakula, sahani yake hairudi tupu. Utatia embe, utatia mkate, hata ua la asumini utatia, lakini kuirudisha hivi hivi, aibu iliyoje!

Basi wakaja nzige, wakala mashamba yote, na njaa ikaingia mjini. Sultani akalifunga ghala lake la nafaka na ufunguo akauvaa shingoni. Na watu je, waliombana? Thubutu! Kila nyumba ilifunga mlango na kuchemsha maji matupu jikoni, ili moshi uonekane na jirani asijue kitu. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Katika mtaa wa Kisimani alikaa msichana mmoja, Mwanamize binti Kombo, msuka kawa za kufunikia vyakula, na sasa hapakuwa na mnunuzi, kwani nani anunue kawa naye hana cha kufunika? Hata hivyo alikwenda kukata ukindu, na humo kichakani akasikia mtu anaugua, na alipotazama akaona jinni mkubwa amefungwa miguu na mikono kwa fundo la ukindu, fundo la mchawi. Mwanamize akaketi akalifungua taratibu, huku akinung'unika kwamba aliyelifunga hakufunzwa kusuka.

"Labeka, ewe binti wa wanadamu!" akasema jinni, na sauti yake ikatikisa miti. "Mimi ni Kafurani. Taka utakalo, nami nitakutimizia."

"Nataka majirani zangu wale washibe," akajibu.

Jinni akampa kawa nyekundu, akamwambia, "Funika sahani, taja jina la Mola, na chakula kitakuwamo. Ila nasi majini wa nchi hii tuna ada ile ile yenu. Sahani na irudi na kitu kutoka mkononi mwake aliyekula. Siku itakayorudi tupu, kawa hii itakufa, nawe utanifuata kwetu na hutarudi tena."

Mwanamize akakubali, na saa hiyo hiyo akampelekea pilau Bi Zuwena, kikongwe wa nyumba ya pili.

"Ahsante, mwanangu, lakini sisi tumeshiba," akasema Bi Zuwena, na tumbo lake likanguruma hata wote wawili wakajifanya hawakusikia.

Hapo Mwanamize akatambua kwamba bibi hakatai pilau, anaogopa sahani. Akasema, "Bibi, chakula ninacho, chumvi ndiyo sina. Nitilie chembe mbili tatu, uniokoe." Uso wa kikongwe ukang'aa, akapokea, akala, na chumvi akaitia kwa madaha kana kwamba ni lulu.

Hivyo ndivyo alivyozunguka mtaa mzima, hapa akiomba kijiti cha kuni, pale jivu la kusugulia vyungu, na milango ikafunguka, na watu wakaanza kuulizana hali bila kudanganyana. Furaha ikarudi Kisimani.

Harufu ya pilau ikafika jumbani. Sultani akaamuru aletewe, na Mwanamize akapeleka sahani mwenyewe mpaka barazani. Maulana akala, akalamba vidole, akasema, "Mrudishieni sahani yake." Wala hakutia kitu, kwa kuwa tangu kuzaliwa kwake sahani huja na huenda, naye hajapata kuuliza zinakokwenda.

Mwanamize akaipokea tupu. Kafurani akashuka darini huku machozi yakimtoka, akamshika mkono. "Sipendi, binti, lakini sahani imerudi tupu, na ahadi ni deni."

Majirani waliposikia wakaja mbio na vikuni vyao na chumvi yao, lakini jinni akatikisa kichwa. "Si wao waliokula sahani hii."

Sultani akajipapasa kanzu yote, asipate kitu. "Kesho nitampa dhahabu!"

"Sahani haingoji kesho, maulana," akasema jinni.

Ndipo mwanawe, Shukri, aliposema, "Baba, shingoni mwako mna ufunguo."

Sultani akaushika kwa mikono miwili. "Nikiutoa, kisha na mimi nikafa njaa?"

Bi Zuwena akamsogelea, akasema kwa upole, "Maulana, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Nawe ukipungukiwa, tutakuletea sahani. Kwani wewe si jirani yetu?"

Tangu azaliwe hakuna aliyemwita jirani. Sultani akalia mbele ya mawaziri wake, akautia ufunguo katika sahani, na jinni akamwachia Mwanamize, na kwa furaha akabeba magunia ya ghala mgongoni mwake mpaka milangoni mwa watu hata jua likachwa.

Sultani akamtunuku Mwanamize nyumba ya mawe na mali tele, na Shukri akaja kumposa kwa maneno ya adabu.

"Nimeridhia, bwana," akasema, "ila jumbani sihamii. Kule kuta ni ndefu, nitabisha hodi kwa nani?"

Basi bwana harusi ndiye aliyehamia Kisimani, na asubuhi ya pili watu walimwona mwana wa sultani amesimama mlangoni kwa Bi Zuwena, ana haya, anauliza kama bibi ana moto wa kuazima. Nasi tuliosimuliwa tukajua: umlishaye mwenzio, mlindie na heshima yake.