Msusi na Nywele za Homa

Wapendwa, sogeeni mbele kidogo, sauti yangu haifiki tena huko nyuma, na nyie wa benchi la mwisho ndio hasa ninaowataka. Leo nimekuja na habari ya mtu. Naona masikio yameshasimama. Majina sitaji, na msianze kutazamana. Si wa mtaa huu.

Kulikuwa na msusi mmoja, mjane, aliyekuwa akisukia watu barazani kwake. Mnajua sisi wanawake tunavyoamini mkono. Hatuulizi msusi anajua mitindo mingapi, tunauliza mkono wake ukoje: unakuza nywele au unazinyonyoa? Basi huyu alisifiwa mkono. Ulikwenda kwake na kipilipili, baada ya muda unashika mkia. Chakula chake na kodi ya nyumba vyote vilitoka kwenye sifa hiyo moja. Hakuwa na kingine.

Jirani yake alikuwa mwanamke mwenye nywele nyingi kuliko wote pale mtaani, na alikuwa anajua. Huyo akaugua dengi. Si homa ya kumeza vidonge ukaamka kesho. Mifupa ilimuuma kama inavunjwa, chakula hakipiti, akawa anaongea na watu wasiokuwepo. Wenzake wa kikundi cha akina mama walikuja, wakasimama dirishani, wakampa pole, wakaondoka kwenda kusimulia alivyokonda. Aliyeingia ndani ni msusi. Alimnywesha uji kwa kijiko. Kichwa kilipowaka moto akamfumua nywele apate hewa, na zile zilizong'oka kwenye chanuo akazifukia nyuma ya nyumba, kama mama zetu walivyotufundisha, asizipate mwenye nia mbaya.

Mgonjwa akapona. Akarudisha mwili, akarudisha na kicheko. Miezi miwili mitatu ikapita, harusi ya mdogo wake ikakaribia, akaenda barazani kusukwa. Msusi akapitisha chanuo. Likatoka na fungu la nywele. Akapitisha tena, fungu jingine.

"Umenifanya nini wewe?"

"Shoga, sijavuta. Zinatoka zenyewe."

"Mbona zilikuwa hazitoki mpaka uliponishika?"

Mngekuwa nyie mngesemaje? Msiniambie mngenyamaza, nawafahamu. Kesho yake alikwenda bombani na kilemba kichwani, na wenzake wakamkalisha kwenye ndoo.

"Si ndiye aliyekufumua ukiwa hujitambui?" mmoja akauliza. "Nywele alizipeleka wapi?"

"Alisema amezifukia."

"Amezifukia. Na wakati anafukia alikuwa ananuia nini?"

Kabla ndoo hazijajaa, habari ilikuwa imezunguka mtaa na kurudi. Na yeye aliyelishwa uji kwa kijiko hakusema hapana. Alisema, "Mimi sisemi kitu, Mungu ndiye anajua." Mnayasikia maneno hayo? Mtu anamchinja mwenzake halafu kisu anamshikisha Mungu.

Baraza la msusi likawa tupu. Nani atampelekea kichwa? Na yule jirani naye akaenda kwa msusi wa mbali, akasukwa rasta za kukaza mpaka nyusi zikapanda, ili harusini upara usionekane. Alipofumua, zile chache za mbele zikaondoka na rasta. Akapaka kitunguu, akapaka dawa za kuchemka zenye harufu ya betri, akaunguza ngozi. Mwisho akaacha hata kwenda ibadani.

Siku moja akajikokota hadi zahanati. Muuguzi akamfungua kilemba, akatazama, akauliza, "Mama, miezi ya nyuma uliugua nini?"

"Dengi. Lakini hiyo nilishapona."

"Wewe ulipona. Nywele zako ndio zinaumwa sasa. Homa kali inazishtua nyingi kwa pamoja, zinakaa miezi kadhaa zimetulia, halafu zinaachia. Zingeanguka hata kama asingekugusa mtu."

Akampima damu, ikaonekana pungufu, akampa vidonge. Akamwambia ale maharage, dagaa, mayai na mboga za majani, asisuke kwa kukaza, asipake dawa kali, halafu avumilie. "Mizizi iko hai. Kipe kichwa miezi sita hivi. Zisiporudi, njoo tuangalie kama kuna kingine."

Angetoka pale anafurahi, sivyo? Alitoka haoni njia. Aliulizia huku na huku, akamkuta msusi machimboni, juani, anaponda kokoto.

"Nisamehe, dada."

Msusi hakumgombeza. Alimwambia, "Inama." Akamtazama kichwa. "Zimeanza kuota. Laini kama za mtoto mchanga."

"Basi nisuke. Hata mstari mmoja, nipite nao mtaani wauone mkono wako."

Msusi akajaribu. Lakini vidole vilikuwa vimepasukapasuka, vimekuwa kama msasa, na kila vilipogusa nywele zile changa vilizinasa na kuzikata. Akavitoa, akavificha ndani ya kanga.

"Haiwezekani tena."

"Nitapita nyumba kwa nyumba niwaambie nilikosea."

"Pita. Ila habari ile ya kwanza ilikuwa tamu, ndio maana waliila wote. Hii haina utamu."

Na kweli alipita. Walimwambia, "Aa, hayo si yalishapita? Karibu chai." Leo ana nywele za kufunga mkia. Msusi bado anaponda kokoto.

Ndugu zangu, sisi tuko hivyo. Kitu kiliharibika zamani, siku za homa zetu, kimekuja kuanguka leo, tunamkamata aliyesimama karibu. Ndoa imeoza tangu mwaka juzi, analaumiwa jirani aliyekuja kuazima chumvi. Mtoto hakulelewa, analaumiwa mama wa kambo aliyefika jana. Na mara nyingi aliye karibu yuko karibu kwa sababu ndiye peke yake aliyekubali kuingia ndani tulipokuwa tunanuka jasho la ugonjwa.

Mungu mzizi wa nywele ameuficha ndani, homa ikipita zinaota tena. Jina la mtu hakulificha. Ameliacha nje, midomoni mwetu. Kwa nini alituamini kiasi hicho, mimi sijui.

Tutasimama tuombe. Lakini kabla ya hapo, mwenye mtu wa kumwendea anaweza kutoka sasa hivi, sitakasirika, na sadaka yake tutaipokea wiki ijayo.

Mbona mmekaa tu?