Do ya Mwalimu Eudosia

Mpandisha do naye yumo kwayani. Mmemsikia mama Redempta akimrushia shoga yake pale dukani, mkacheka bila kujua mnachekea nini. Haya, sogeeni, na huyo aliyesimama mlangoni aingie, nafasi ipo. Methali hii ilianza hivi.

Hapa Mahenge alikuwepo mwalimu Eudosia, akifundisha muziki kidato cha kwanza na cha pili. Harusini mwimbaji yeye, kipaimara yeye. Kila siku ya wazazi, kwaya ya shule ikiimba, beti zote zilikuwa zake.

Mwaka mmoja akaingia kidato cha kwanza Sikudhani, binti wa muuza vitumbua. Mtoto akifungua kinywa, darasa la jirani linaacha hesabu. Mkuu wa shule akaamua: "Mwaka huu beti aimbe mtoto. Wewe mwalimu baki kwenye kiitikio." Sokoni nako wanawake hawana dogo: "Mwalimu, tunasikia umepata mwenzio!" Eudosia akacheka, lakini nyanya alizozilipia akaziacha pale pale.

Sasa jueni hili. Kabla kwaya haijaanza, mwalimu hutoa do. Ni sauti moja tu, na wote huanzia hapo. Ikiwa juu, wimbo mzima uko juu.

Siku ya wazazi yenyewe ukumbi umejaa hadi madirishani, nami nimo, safu ya mbele. Eudosia akatoa do. Lo! Juu kuliko siku zote za mazoezi.

Sikudhani akanong'ona, "Mwalimu, do imepanda."

"Si ndiye wewe unayesifiwa? Imba!"

Mtoto akaimba. Mishipa ya shingo ikamsimama, sauti isivunjike. Watu wakainuka vitini. Kikaja kiitikio, na humo sauti ya juu kabisa ilikuwa ya mwalimu mwenyewe. Wivu ulikuwa umemsahaulisha hilo. Akafungua kinywa, ukatoka mlio wa bawaba yenye kutu.

"Mwalimu kameza filimbi!" akapayuka mtu nyuma.

Kabla kicheko hakijaenea, Sikudhani akaidaka ile sauti ya juu, akaibeba hadi mwisho.

Baadaye mwalimu akamvuta nyuma ya jiko la shule. Msiniulize mimi nilifuata nini huko.

"Nilitaka uaibike mbele ya watu," alisema, machozi yakimlenga.

"Najua, mwalimu. Do niliisikia."

"Mbona basi ukaniokoa?"

"Kwani ungeharibikiwa peke yako? Kwaya si yetu sote?"

Jumatatu Eudosia akaingia darasani, akaandika sentensi moja ubaoni. Watoto wakainakili haraka, wakidhani ni kanuni ya muziki, wengine wakaipigia mstari kwa rula. Kisha akaweka chaki chini, akaenda kusimama katikati ya wanafunzi.

"Sikudhani," akasema, "leo toa do wewe."

Mtoto akasoma ubao, akamtazama mwalimu wake, akaitoa pale ambapo kila koo lingeifikia.

Mpandisha do naye yumo kwayani.