Mstari Mgongoni mwa Panya

"Nani atapanda?" Mwanasiti aliuliza. Zimwi lilikuwa limetundika pumzi ya mtoto wa Mwanasiti kwenye ncha ya unyasi mrefu. Unyasi ukivunjika, mtoto anakufa. Wanaume, wale wale mabingwa wa kujisifu, wakatazama miguu yao.

"Mimi, mama," akasema panya mdogo.

"Wewe, kidole gumba?" Zimwi likacheka.

Akapanda, mkia kauzungusha kwenye unyasi. Zimwi likatikisa, mkia ukashika. Likatikisa tena, ukashika. Mara ya tatu likamparura mgongo, ukabaki mstari mweusi, lakini pumzi alikuwa ameshaing'ata. Akashuka, akaipuliza puani mwa mtoto. Mtoto akalia.

"Nikulipe nini, baba?" Mwanasiti akamuuliza panya.

"Msituchome. Watoto wangu wanalala kwenye nyasi."

Na bado watu wanachoma! Wewe unayenisikiliza, kabla hujawasha moto shambani, tafuta viota kwanza.